Dkt Matthew Lukwiya: Tabibu aliyetenga wagonjwa wa Ebola bila kungoja jibu la maabara

SIMU iliyolia jijini Kampala asubuhi ya Jumamosi, Oktoba 7, 2000, ilitoka zaidi ya kilomita 300 kaskazini, katika Hospitali ya St Mary's Lacor iliyo karibu na mji wa Gulu. Aliyeipokea alikuwa Dkt Matthew Lukwiya, msimamizi wa hospitali hiyo, ambaye wakati huo alikuwa masomoni katika Chuo Kikuu cha Makerere. Habari alizopewa na daktari aliyemwachia usukani zilikuwa fupi na za kutisha. Wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wamefariki kutokana na maradhi ambayo hakuna aliyeweza kuyatambua.

Dkt Lukwiya hakusubiri wiki ianze. Kufikia jioni alikuwa amewasili Lacor, ambako alimshuhudia mwanafunzi wa tatu akikata roho. Miezi miwili kasoro siku mbili baadaye, tabibu huyo mwenye umri wa miaka 43 alizikwa katika ua wa hospitali hiyo hiyo, huku waliomzika wakiwa wamejifunika kutoka utosini hadi unyayoni.

Robo karne imepita tangu msiba huo. Hata hivyo, kila mara virusi hatari vinapozuka katika sehemu hii ya Afrika, madaktari na wauguzi hulikumbuka jina lake. Hawamkumbuki kwa sababu ya kifo chake pekee. Katika siku chache za mwanzo, Dkt Lukwiya alifanya jambo ambalo hospitali nyingi zilizomtangulia zilishindwa kulifanya: alimhudumia mgonjwa aliyeshukiwa kwa tahadhari ile ile inayomstahili mgonjwa aliyethibitishwa. Nacho kifo chake kiliacha funzo chungu zaidi, kwamba dakika chache za huruma bila kinga kamili zinaweza kumgharimu maisha yule anayetibu.

Mwana wa muuza samaki

Lukwiya alizaliwa Novemba 24, 1957, katika eneo la Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kwenye jamii ya Waacholi. Babake alikuwa muuza samaki na alikufa maji mwanawe alipokuwa na umri wa miaka 12. Mamake aliachiwa mzigo wa kulea wana wanne kwa mapato ya biashara ndogo ndogo. Alijaribu kumfunza kijana huyo kuvusha majani chai kwa magendo, akitumia baiskeli, hadi ng'ambo ya mpaka wa Sudan. Lakini moyo wa Matthew ulikuwa vitabuni.

Vitabu navyo havikumtupa. Aliongoza shuleni, akaongoza wilayani, na alama zake za mitihani zikawa miongoni mwa bora zaidi nchini mwake. Kwa njia ya ufadhili wa masomo, mwana wa mjane alifika chuo kikuu na kuhitimu udaktari.

Mnamo 1983 alijiunga na Hospitali ya Lacor akiwa daktari mwanagenzi. Hospitali hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1959 na wamishonari Wakatoliki wa shirika la Comboni. Tangu 1961 ilikuwa mikononi mwa mke na mume waliojitolea maisha yao yote kuijenga: Dkt Piero Corti, Mwitaliano aliyekuwa daktari wa watoto, na Dkt Lucille Teasdale, raia wa Canada aliyekuwa daktari wa upasuaji. Inasimuliwa kwamba miezi michache tu iliwatosha wawili hao kutambua kuwa wamempata mrithi wao.

Kijana huyo alijifunza mapema kwamba damu ya mgonjwa inaweza kumwangamiza daktari. Mnamo 1985, Dkt Lucille aligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi, ambavyo inaaminika alivipata alipokuwa akiwafanyia upasuaji majeruhi wa vita. Aliendelea kuwahudumia wagonjwa kwa miaka kadhaa, hadi alipoaga dunia Agosti 1996 na kuzikwa katika ua wa hospitali. Kwa hivyo, kabla jina la Ebola halijatajwa Gulu, Lacor ilikuwa tayari imempoteza mwanzilishi wake kwa virusi alivyopata kazini.

Mateka wa Ijumaa Kuu

Kaskazini mwa Uganda katika miaka hiyo palikuwa uwanja wa vita kati ya majeshi ya serikali na waasi wa Joseph Kony. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka wa 1989, waasi waliivamia hospitali wakitaka kuwateka watawa wa Kiitaliano. Dkt Lukwiya aliwasihi wamchukue yeye badala yao. Walikubali, na kwa muda wa wiki moja hivi alitembezwa porini akiwa na koti lake la udaktari kabla ya kuachiliwa.

Baada ya kurejea, aliwafungulia wanavijiji malango ya hospitali. Maelfu ya watu, wake kwa waume na watoto wao, wakawa wanafika kila jioni kulala ndani ya ua na kurudi makwao kunapokucha.

Mnamo 1990 alipata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili katika tiba ya watoto wa nchi za joto, katika chuo cha magonjwa ya kitropiki mjini Liverpool, Uingereza. Alifaulu kwa alama za juu mno, akaombwa abaki afundishe. Alikataa na kurudi Lacor. Chini ya uongozi wake hospitali ilipanuka na kupokea wagonjwa wengi kuliko hapo awali, wakiwemo majeruhi wa vita na watoto wenye utapiamlo, ikawa tegemeo kuu la wakazi wa kaskazini.

Kufikia mwaka wa 2000 alikuwa Makerere akisomea afya ya umma. Mkewe, Margaret, na watoto wao watano walikuwa Kampala, mbali na milio ya bunduki. Huko ndiko simu ilikomkuta.

Usiku wa faili 17

Usiku ule wa Oktoba 7, Dkt Lukwiya aliketi na Sista Maria Di Santo, mtawa aliyehudumu hospitalini humo, wakapekua faili za wagonjwa waliofariki siku za karibuni. Walipata vifo 17 vilivyofanana. Wagonjwa walikuwa na homa kali, walitapika na kuhara, na baadhi yao walivuja damu. Dawa za kawaida hazikuwafaa kitu.

Ieleweke kwamba jambo hilo halikuwa rahisi kulitambua. Katika eneo lenye malaria, homa ya matumbo na kuhara damu, mgonjwa mwenye homa na kutapika ni wa kila siku. Ebola huanza vivyo hivyo, kwa homa, uchovu na maumivu ya mwili, na wengi wa wanaoambukizwa hawavuji damu hata kidogo. Isitoshe, Uganda haikuwa imewahi kurekodi ugonjwa huo. Daktari aliyezoea malaria angetibu malaria, na hakuna ambaye angemlaumu.

Dkt Lukwiya alikesha akisoma. Kulipopambazuka, alikuwa ameanza kuamini kwamba alikuwa akikabiliana na mojawapo ya homa hatari za virusi, na huenda ni Ebola. Siku hiyo hiyo viongozi wa vijiji walifika na habari kwamba kulikuwa na familia zilizokuwa zikiangamia nzima nzima. Badala ya kuandika barua na kungoja ipite ofisi moja hadi nyingine, aliwasiliana moja kwa moja na Dkt Sam Okware, kamishna wa huduma za afya ya jamii katika wizara jijini Kampala.

Wataalamu walitumwa, na sampuli za damu zikapelekwa katika maabara ya virusi jijini Johannesburg, Afrika Kusini. Jibu lilipatikana katikati ya Oktoba. Ilikuwa Ebola, ya aina inayoitwa Sudan.

Lakini wataalamu walipofika Lacor, kabla ya jibu hilo, walikuta kazi imeanza. Dkt Lukwiya alikuwa tayari ametenga wodi maalumu kwa wagonjwa wote walioshukiwa. Wahudumu kadhaa walikuwa wamejitolea kuihudumia.

Hospitali inapogeuka kichaka cha moto

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, yafaa tutazame yaliyotangulia. Mnamo 1976, Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza, ilizuka mahali pawili karibu kwa wakati mmoja. Huko Yambuku, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu 318 waliugua na 280 kati yao wakafariki. Hospitali ya misheni ya huko ilitumia sindano chache kwa wagonjwa wengi bila kuzitakasa ipasavyo, na wafanyakazi wake 11 kati ya 17 walikufa. Kusini mwa Sudan, ambako watu 284 waliugua na 151 wakafa, ugonjwa ulishika kasi ulipoingia katika hospitali ya Maridi.

Mnamo 1995 hadithi ilijirudia mjini Kikwit, Kongo. Kati ya wagonjwa 315, takriban robo walikuwa wahudumu wa afya. Kila mahali kosa lilikuwa lile lile: mgonjwa wa kwanza alilazwa kama mgonjwa mwingine yeyote, akachomwa sindano, akapasuliwa, akaoshwa kwa mikono mitupu. Hospitali, mahali ambapo watu hukimbilia kupona, ikawa kichaka kikavu kilichongoja cheche.

Kutokana na maafa ya Kikwit, Shirika la Afya Duniani na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa vilitoa mwongozo mnamo 1998 kwa ajili ya hospitali za Afrika. Msingi wake ni mwepesi kuutaja lakini mgumu kuutekeleza. Kwanza, tahadhari za kawaida, kama vile kunawa mikono, kuvaa glavu na kutotumia sindano mara mbili, zifuatwe kwa kila mgonjwa, kwa maana virusi haviandikwi usoni. Pili, mhudumu awe mwepesi wa kushuku. Tatu, akishuku, amtenge mgonjwa papo hapo bila kungoja maabara. Huo ndio mwongozo ambao Dkt Lukwiya aliufuata.

Jinsi wodi ilivyoendeshwa

Katika wodi kama ile ya Lacor, hakuna aingiaye ovyo. Mhudumu huanza kwa kubadilisha mavazi. Huvaa gauni, aproni ya plastiki, gambuti, kofia, barakoa, miwani ya kujikinga na jozi mbili za glavu. Wasiovaa hivyo hubaki nje, hata kama ni jamaa wa mgonjwa au mkubwa wa hospitali.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Mavazi yaliyogusa mgonjwa yana virusi kwa nje, na anayeyavua kwa pupa akiwa amechoka anaweza kujipaka maradhi mwenyewe. Kila hatua hufuatwa na kunawa kwa maji yenye klorini, iliyo nyepesi kwa mikono na kali zaidi kwa sakafu, vyombo na maiti. Sindano hupunguzwa hadi zile zisizoepukika, na taka huteketezwa. Wanaoshukiwa hutakiwa kutengwa na waliothibitishwa, maana si haki mtu mwenye malaria aletwe hospitalini apone, kisha aambukizwe Ebola na jirani yake kitandani.

Ebola haienezwi kwa hewa kama mafua. Huenea kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Dalili hujitokeza kati ya siku mbili na 21 baada ya kuambukizwa. Ndiyo maana kila aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, na ndiyo maana maiti, ambayo hujaa virusi, huhofiwa kuliko mgonjwa mwenyewe.

Huko Gulu, uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa ulienezwa hasa kwa njia tatu, yaani desturi za mazishi, ambapo maiti huoshwa na kuguswa, uuguzi wa nyumbani, na hospitali zenyewe. Kuwaambia Waacholi wasiwaoshe wapendwa wao, na waache wageni waliovalia kama viumbe wa ajabu wawazike, lilikuwa jambo zito.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba wanavijiji hawakuwa na maarifa yao. Waacholi wana jina la janga linalozuka ghafla na kuua wengi: gemo. Wazee wanapotangaza kuwa ni gemo, mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine, na mtu aliyewahi kuugua na kupona ndiye humpelekea chakula na maji. Miti mirefu ya matete husimamishwa mlangoni kuwaonya wapitao, ngoma husitishwa, na anayekufa huzikwa pembezoni mwa kijiji. Kanuni hizo za kale na mwongozo wa wataalamu vilielekea upande mmoja.

Novemba ya majonzi

Wagonjwa walizidi kumiminika. Wataalamu kutoka nchi za nje walifika, na maabara ya muda ikawekwa Lacor kwenyewe, hivi kwamba majibu yaliyokuwa yakingojwa kutoka mbali yaliweza kupatikana hapo hapo. Hospitali ya serikali mjini Gulu nayo ilikuwa na wodi yake ya kutenga wagonjwa.

Licha ya hayo, wauguzi waliendelea kuambukizwa. Ripoti iliyotolewa baadaye ilisema kwamba katika wilaya ya Gulu, wahudumu 14 kati ya 22 walioambukizwa walipata virusi baada ya wodi hizo kufunguliwa. Idadi hiyo yafaa kutafakariwa na kila anayedhani kwamba kazi huisha wodi inapofunguliwa. Ukuta haumkingi muuguzi. Kinachomkinga ni nidhamu ya kila dakika, vifaa vya kutosha, na idadi ya wafanyakazi inayomruhusu kila mmoja wao kupumzika. Wodini Lacor, waliochoka waliendelea kufanya kazi kwa kuwa hapakuwa na wa kuwapokea zamu.

Mnamo Novemba, watu saba walikufa Lacor katika muda wa saa 24, watatu kati yao wakiwa wahudumu wa hospitali. Subira ya wafanyakazi ilikatika. Mamia yao walikusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi na kutaka hospitali ifungwe. Hawakuwa waoga. Walikuwa wamewazika wenzao, na kila mmoja aliona zamu yake ikikaribia.

Dkt Lukwiya alikwenda kuwakabili. Hakuwakemea wala kuwatisha kwa barua za kufutwa kazi. Aliwakumbusha jinsi alivyokubali kutekwa na waasi kwa ajili ya hospitali hiyo, na akawaambia kwamba ikiwa itafungwa, yeye ataondoka Gulu asirejee tena. Mazungumzo yalichukua saa nyingi. Mwishowe walikubaliana kuendelea, na mkutano uliojaa hasira ukamalizika kwa wimbo.

Mtu anaweza kujiuliza iwapo alikuwa na haki ya kuwaomba wabaki. Yeye mwenyewe hakuwaomba lolote ambalo hakulifanya. Aliingia wodini mchana na usiku, na waliomwona walijua kwamba hakuwa akiongoza kutoka ofisini.

Alfajiri bila miwani

Kabla ya mapambazuko ya Novemba 20, aliamshwa usingizini. Mmoja wa wauguzi wake, aliyekuwa amelazwa wodini kwa Ebola, alikuwa akivuja damu na kukohoa. Katika kuhangaika kwake alikuwa ameinuka kitandani, na waliokuwa zamu walishindwa kumdhibiti.

Dkt Lukwiya alivaa haraka. Alivaa gauni, kofia, barakoa na jozi mbili za glavu. Hakuvaa miwani ya kujikinga. Aliingia, akamshika mgonjwa, akamsaidia kadiri alivyoweza. Muuguzi huyo alikufa.

Hakuna awezaye kuapa kwamba ni wakati huo virusi vilipomwingia daktari. Lakini wenzake waliamini hivyo, na siku za ugonjwa wake zinakubaliana na imani hiyo. Macho ni mlango wa virusi hivi sawa na kidonda. Mtu aliyekuwa amewafunza wengine kuvaa kikamilifu alisahau, au aliharakishwa na mahangaiko ya mwenzake, kwa muda wa dakika chache.

Siku sita hivi baadaye, alianza kujisikia vibaya, dalili zikifanana na za homa ya mafua. Homa ilipanda, damu ikapimwa, jibu likawa lile lililohofiwa. Alilazwa katika wodi ile ile aliyoianzisha. Mkewe alisafiri kutoka Kampala, na ilimlazimu avae mavazi ya kujikinga ndipo aruhusiwe kumwona mumewe. Mikono iliyozoea kushikana miaka mingi ilitenganishwa na mpira wa glavu.

Inasimuliwa kwamba katika siku hizo za mwisho aliomba, ikiwa ni lazima afe, basi awe wa mwisho. Alifariki usiku wa kuamkia alfajiri ya Jumanne, Desemba 5, 2000.

Alizikwa siku hiyo hiyo, kwa kanuni zile zile alizowawekea wengine. Hakuna aliyemwosha kwa desturi, hakuna aliyemgusa uso kwa mkono mtupu. Kaburi lake lilichimbwa kando ya kaburi la Dkt Lucille Teasdale. Walimu na wanafunzi wachache waliowahi kupumzishwa bega kwa bega wana kisa kama chao: wote wawili waliuawa na virusi vya wagonjwa wao.

Alichoacha nyuma

Mkurupuko wa Gulu, uliogusa pia wilaya za Masindi na Mbarara, ulitangazwa kumalizika Februari 27, 2001. Watu 425 walikuwa wameugua na 224 wakafariki. Kwa wakati huo ulikuwa mkubwa zaidi kuwahi kutokea duniani. Hospitali ya Lacor iliwapoteza wahudumu 13, Dkt Lukwiya akiwa miongoni mwao.

Nambari hizo ni kubwa, lakini ukumbuke kwamba Gulu palikuwa na vita, na wakazi wengi walikuwa wamesongamana katika kambi za wakimbizi wa ndani. Ugonjwa huo ungalikuwa umeachwa uenee wiki mbili au tatu zaidi chini ya jina la malaria, ni vigumu kukisia ungefika wapi.

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba funzo la Lacor halijazeeka. Kati ya 2014 na 2016, Ebola iliwaua zaidi ya watu 11,000 katika nchi za Guinea, Liberia na Sierra Leone, na zaidi ya wahudumu wa afya 800 waliambukizwa. Virusi vya aina ya Sudan vilirudi Uganda mnamo Septemba 2022, vikianzia Mubende. Januari 2025, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa katika mkurupuko mwingine jijini Kampala alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago. Wakati huo dunia ilikuwa tayari na chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya Ebola ya aina ya Zaire, lakini ile ya aina ya Sudan ilikuwa bado katika majaribio. Mahali ambapo hapana chanjo, kilichobaki ni kile kile cha Dkt Lukwiya: kushuku mapema, kutenga mapema, na kujikinga kila mara.

Wakenya nao hawana sababu ya kulitazama jambo hili kama la jirani. Mnamo Januari 1980, mgeni kutoka Ufaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, na aliyekuwa ametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, aliletwa Nairobi akiwa mahututi. Alifariki kutokana na virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola. Daktari kijana aliyejaribu kuokoa maisha yake aliambukizwa, akaugua vibaya, lakini akapona. Tofauti kati ya daktari huyo na Dkt Lukwiya ni bahati. Mbinu iliyowaweka hatarini ni moja: mgonjwa anayekata roho mbele ya tabibu asiye na kinga kamili.

Kuna wanaomsifu Dkt Lukwiya kwa kufa kwake. Labda ingemfaa zaidi asifiwe kwa usiku aliokesha akisoma faili 17, na kwa asubuhi aliyoamua kutenga wodi huku hana uhakika. Ujasiri wa namna hiyo hauhitaji kifo. Unahitaji muuguzi wa mapokezi anayeuliza mgonjwa ametoka wapi na amemzika nani, daktari asiyeona haya kushuku na kukosea, na wakuu wanaohakikisha kwamba glavu na miwani zipo kabla mgonjwa hajafika langoni.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Katika ua wa Lacor, kaburi la mtoto wa muuza samaki wa Kitgum linawakumbusha wahudumu wanaopita kwamba anayeokoa wengine lazima kwanza abaki hai ili aendelee kuokoa.